Sufuria ya Kuyeyushia Risasi

Al Baraha, Dubai
Jumamosi

Kaka yangu Chacha,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, nikiomba barua hii ikukute una nguvu za kusimama, maana najua siku hizi hulali. Mama hajambo? Magoti yake yanaendeleaje? Ng'ombe wamepata majani, au jua limeshakausha bonde lote? Mimi huku nipo. Mwili unakwenda kazini Satwa na kurudi, chakula nakula kwa sababu wenzangu wananitazama, lakini akili yangu yote iko hapo nyumbani, kwenye mkeka aliolala mwanao Bhoke.

Najua umenikasirikia. Simu zangu hupokei tangu tulipogombana kuhusu shemeji Yuliana, na ujumbe wangu unausoma na kunyamaza. Sikulaumu, wewe ndiye unayemshika mtoto akikakamaa, mimi niko mbali napiga domo tu. Lakini nakuomba, kaka, kwa ziwa moja tulilonyonya, uisome barua hii hadi mwisho kabla hujampeleka Bhoke kwa mtu yeyote wa kumchanja, na kabla hajanyweshwa dawa nyingine ya mizizi. Isome peke yako, nje, mama asiwepo. Nimempa Belinda, yule binti wa Musoma anayefanya usafi hotelini huku. Anaruka kesho, na ameapa kuifikisha mkononi mwako kabla hajaenda kuwaona wazazi wake. Akisimama hapo uwanjani akikutazama unavyosoma, usimwone hana adabu. Nimemwambia asiondoke mpaka umalize.

Niruhusu nianze na yale unayoyajua, ili twende pamoja. Nguruwe pori walipomaliza mihogo na mahindi ya shamba la chini, ulinipigia ukasema gobore la marehemu baba lina kibali lakini halina chakula. Ulikuwa unalishindilia vipande vya nondo na goroli za baiskeli, na fundi akakuonya kwamba mtutu unakwaruzika na siku moja utakupasukia usoni. Ukaamua kusubu risasi zako mwenyewe pale nyumbani, kwa ile risasi laini inayotoka kwenye betri za gari zilizokufa. Ukaniomba nikutafutie vyombo: cha kuyeyushia, cha kuchotea na cha kumiminia. Ukasema huku kwetu hakikosekani kitu. Ndivyo mnavyotuona, kama vile tunalala dukani.

Lakini nilifurahi, kaka. Nilifurahi sana. Miaka yote wewe ndiye uliyenichagulia mimi, jembe, viatu, hata shule, na leo unaniuliza mimi chombo gani kinafaa. Nikakwambia chonga kipande cha mti kinachoingia sawasawa kwenye mdomo wa gobore, unitumie kwa msafiri. Kilipofika nikakitia mfukoni, nikaenda nacho Al Ras, kule wapagazi wanakokusukuma na mikokoteni usipowapisha, kwenye duka la mzee mmoja Mwarabu anayeitwa Nabil. Anauza nyavu, ndoana, sufuria za vyuma na makorokoro mengine ya baharini.

Neno bunduki huku halitamkwi dukani. Nikamwambia Nabil ninataka kusubu risasi za kuzamishia mshipi wa kuvulia, zile chubwi za mviringo. Akauliza samaki gani. Nikasema sangara. Akauliza sangara ni samaki gani. Nikanyoosha mikono yote miwili mpaka nikampiga mteja aliyekuwa nyuma yangu, na Nabil akacheka, akaniita rafiki, akaniagizia chai. Kutoka siku ile akalichukua jambo langu kama lake. Alinikataza sufuria ya alumini, akasema ni nyepesi, moto ukizidi inalegea na kukumwagikia miguuni. Akanionyesha chungu cha umeme chenye bomba chini, kizuri kweli, lakini nikakumbuka umeme wetu unavyokatika, nikaona utabaki na pambo la sebuleni. Upawa akanichagulia wa chuma wenye mpini mrefu wa mbao. Glovu akasema ziwe za ngozi, zifike kwenye kiwiko. Kalibu za kumiminia zikatolewa nyingi, na mimi kila moja naipima kwa kile kipande cha mti, yeye anashangaa mvuvi gani anapima risasi kwa kijiti. Tukapata moja ya shaba ambayo ingelikaa gobore lako barabara.

Sufuria ndiyo iliyotuchukua muda. Mwisho akashusha moja kutoka juu kabisa, nzito, ya chuma cheusi, ina masikio mawili na mfuniko wenye kishikio cha duara. Wahindi huipikia nyama. Akaigonga kwa kidole ikalia, akasema hii utairithisha. Kisha akanishika mkono, akaacha utani, akaniambia kwamba sufuria ikishaonja risasi, khalas, chakula kisiingie tena humo maisha yote. Maneno hayo nilikufikishia kwenye simu, nawe ukanijibu kwamba unajua, hukuzaliwa jana.

Yaliyofuata unayajua vilevile. Yule mtu wa mizigo alikataa kalibu, akasema ina sura ya kuulizwa maswali uwanja wa ndege, bora ingoje msafiri anayeweza kuieleza. Kwa hiyo sufuria ikatangulia, imefungwa ndani ya blanketi za mama pamoja na viatu vya Bhoke na mashati yako. Boksi lilipofika wewe ulikuwa mnadani na ng'ombe. Mama akalifungua. Mama akiona kitu kimetoka Dubai, kizito, kinang'aa kwa mafuta, na kina mfuniko, unafikiri atakipeleka stoo kikae na majembe? Alinitumia sauti akinibariki na kuimba, akisema ameona zawadi zote. Mimi nikajua anasema blanketi.

Hukuniambia kwamba ameiingiza jikoni. Nadhani uliona ni jambo dogo, acha mama afurahi nayo mpaka kalibu ije. Ningekuwa wewe, nami ningemwachia.

Halafu Bhoke akaanza kuumwa tumbo. Ukaniambia hataki kula, analia akiguswa, choo hakipati. Mkampima malaria, hakuna. Mkampa dawa ya minyoo. Mtoto aliyekuwa anaimba nyimbo zote za kanisani akaanza kusahau maneno, ananyoosha kidole badala ya kusema. Shemeji Yuliana akambeba kwenda kwao apate mapumziko, na kule mtoto akachangamka, akacheza na binamu zake, akaomba hata samaki. Ukaenda kumchukua. Hakukaa sana hapo nyumbani, degedege likamwangusha.

Na hapo ndipo mlipohesabu vibaya. Mkasema, kwao Yuliana mtoto ni mzima, kwetu anaumwa, basi Yuliana na mama yake wanajua walichokifanya, wanamtaka mtoto arudi kwao. Ukamfukuza mkeo. Umemtenga na mtoto wake mgonjwa, ukamkabidhi Bhoke kwa mama yetu, na mama kwa uchungu alionao akazidi kumlisha. Anamkorogea uji asubuhi, mchana, jioni, akisema mtoto apate nguvu.

Nami nilikuwa gizani kama wewe, mpaka uliponitumia ile picha ya Bhoke amelala mkekani, ili nione alivyokonda. Nilikuwa gereji, nina tairi mkononi. Nikaikuza picha kwa vidole nimwone usoni. Nyuma yake, jikoni, juu ya mafiga, nikaona masikio mawili ya chuma na mfuniko wenye kishikio cha duara, na mvuke unatoka. Tairi likaniponyoka likaenda kugonga gari la mteja. Talal, arbab wetu, yaani bosi, akapiga kelele, yalla, yalla, umelala? Nilikaa chini kwenye sakafu yenye grisi nikiitazama ile picha.

Nilitoka hapo hapo kwenda kwa Virginia, nesi Mkenya tunayesali naye, mtu wa Nyeri, mkali lakini ana huruma. Nikamweleza yote. Akaniuliza uji wa nyumbani ni wa namna gani. Nikasema ni wa wimbi, mama anauacha uchachuke usiku kucha humo humo sufuriani, ndivyo Bhoke anavyoupenda. Virginia akafumba macho. Aliponiangalia tena akasema, "Pius, hiyo si malaria na si majini. Huyo mtoto apimwe damu, waangalie lead. Leo, si kesho." Lead ndiyo risasi yenyewe kwa Kizungu, kaka, ushike neno hilo kwa ajili ya daktari. Akanieleza kwamba kitu kichachu kinaikamua risasi kutoka kwenye chuma, inaingia kwenye uji, haina harufu, haina ladha mbaya. Mtu mzima inamsumbua polepole. Mtoto mdogo inampanda kichwani, na degedege ndiyo dalili kwamba imeshafika huko.

Ndipo nilipokupigia. Unakumbuka ulivyonijibu. Ulisema, Pius, mbona unamtetea mwanamke huyu kwa hadithi za kitabuni? Ukasema kalibu hujaipata, betri ziko pale pale chini ya mti, hujayeyusha risasi hata ya kijiko kimoja, sufuria haijaonja kitu isipokuwa uji na maharage ya mama. Sasa hiyo sumu imetoka wapi? Nami nikanyamaza. Uliponyamaziwa ukaona umeshinda, ukasema mwanamke ameniroga na mimi huku huku Dubai, ukakata.

Kaka, kila ulichokisema kilikuwa kweli. Hujayeyusha kitu. Mimi ndiye niliyeyeyusha.

Wewe unaijua nyumba yetu ilivyo. Mdogo hamkabidhi mkubwa chombo ambacho hakijajaribiwa. Baba alipokuwa akinituma kuchukua jembe kwa mhunzi, nilikuwa nalima tuta moja nalo kwanza, ndipo nakuletea. Ukipewa kisu na mimi, nilikuwa nimeshakata nacho. Ningewezaje kukutumia kaka yangu vyombo vya moto kutoka nchi ya watu bila kuvijaribu? Vingekuunguza, ningesema nini? Kwa hiyo Ijumaa, wenye gereji wamekwenda kuswali, niliiweka sufuria ile kwenye jiko la gesi nyuma ya gereji. Nikaijaza vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu ili tairi lisiyumbe, vya zamani, vilivyong'olewa, tunavyo ndoo nzima. Mwenzangu wa kazi, Mkenya aitwaye Lenny, alipita akachungulia, akasema, "Buda, hiyo supu utakula na nini?" Tukacheka. Nilichota kwa upawa, nikamimina kwenye kalibu, nikatoa vidude vya mviringo vilivyolingana na kile kijiti. Niliona fahari, kaka. Ijumaa iliyofuata nikarudia, na nyingine tena, maana za kwanza zilitoka na makunyanzi, na mimi sikutaka upate chombo ambacho sijakifahamu tabia yake.

Nilipomaliza nikaisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ikang'aa kuliko ilivyokuwa dukani. Nikaipaka mafuta ya kupikia isipate kutu njiani. Nilitaka uifungue useme mdogo wangu ameninunulia kitu kipya. Ningeiacha na masizi yake, ningeiacha chafu tu kama kilivyo chombo cha kazi, mama asingeigusa.

Siku ile nilipokupigia ulikuwa umeweka simu kwenye spika, nikamsikia mama akikohoa karibu yako. Nilifungua mdomo nikusimulie habari za zile Ijumaa, na nikasikia mama anamwambia Bhoke, kunywa mjukuu wangu, baba mdogo anakusalimia. Basi, sauti ikagoma. Nimejaribu kukuandikia kwenye simu, naandika nafuta, nikijua kwamba simu yako anaishika kila mtu wa nyumba ile. Hiyo ndiyo sababu umepata karatasi. Nina aibu, nina hofu, sina hata pa kuziweka. Ukitaka kunitukana, nitukane, lakini baadaye. Sasa hivi inuka.

Inuka, kaka, umchukue Bhoke leo hii. Usimpitishe kwenye zahanati ya kupima malaria, nenda moja kwa moja hospitali kubwa, Mwanza, na ukifika usizunguke na maneno ya degedege. Sema mtoto amelishwa kutoka kwenye sufuria iliyoyeyushiwa risasi, sema lead, na kama hawakuelewi wape barua hii waisome wenyewe. Virginia anasema dawa ya kuitoa mwilini ipo, na kwamba mtoto mdogo anaweza kurudi, maneno yanaweza kurudi, ila kila bakuli la uji linalopita linampeleka mbali. Namba yake Belinda anayo. Daktari akitaka kumuuliza lolote ampigie saa yoyote. Sufuria ifunge kwenye gunia uende nayo waione. Usimpe jirani, usiwape kuku maji humo, usiiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Uji na maharage yaliyomo yazike.

Mama naye aende mkapimwe wote, na wewe pia. Lile tumbo lake la kila siku na ganzi ya mikono aliyonieleza, nilimwambia ni uzee. Sijui tena kama ni uzee. Mwambie ni presha mnakwenda kupima, kama kawaida.

Na ukiwa njiani, pitia kwa wakwe zako. Usitume mtu, nenda mwenyewe. Mwambie shemeji Yuliana kwamba kwao mtoto alipona kwa sababu kwao hakuna sufuria ile, hakuna zaidi ya hapo. Kama hataweza kukusamehe mlangoni, apande gari hivyo hivyo akiwa amenuna, atakusamehe au hatakusamehe hospitalini, lakini Bhoke akifumbua macho amwone mama yake. Mwambie na haya yangu yote, usimfiche. Kama atanichukia, ni haki yake. Nimemwondolea ndoa na nusura nimwondolee mtoto, kwa mikono hii hii, nikidhani nafanya adabu.

Mimi narudi. Nimeshamwomba Talal ruhusa, amesema nikiondoka sasa nisirudi, nikamwambia sawa. Nasubiri karatasi zangu tu. Kalibu nimeitupa, na gobore naomba likae pale pale ukutani. Nguruwe wakila mihogo, wale. Tutalima mingine.

Nisalimie ndugu wote wa hapo, na waombezi wa kanisani waendelee kupiga magoti, sasa wewe unajua wanaombea nini. Bhoke mshike mkono umwambie baba mdogo anampenda. Mwambie hata kama haelewi.

Limebaki la mama. Atakuuliza mbona sufuria yake imefungwa kwenye gunia. Usimwambie, kaka. Akipona mtoto usimwambie, na Mungu apishie mbali, asipopona, ndiyo usimwambie kabisa. Mwambie Pius amepiga simu anaitaka sufuria yake, amebadili nia, ameona ni nzuri mno. Atanuna. Atasema mwanawe akikupa kitu leo kesho anakudai, atawasimulia majirani wote kisimani kwamba Dubai imenifanya bahili na sina haya. Mwache aseme, na wewe muunge mkono. Nitakapofika nitamwomba radhi kwa ubahili, na nitakubali kila neno. Nimezoea kusemwa vibaya, nitaishi nalo. Yeye hawezi kuishi na kujua alichokuwa anamkorogea mjukuu wake kila asubuhi, huku akinibariki mimi.

Ni mimi mdogo wako,

Pius